Matairi Mapya: Je, Alaimenti ni Lazima?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunaingia katika swali lililotufikia kutoka kwa mama mmoja wa huku Pwani aliyeolewa Nakuru. Anaeleza kwamba gari la nyumbani lilivishwa matairi manne mapya, na fundi akashikilia kuwa halitoki gerejini mpaka lifanyiwe alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu. Shemeji yake akasema hiyo ni israfu. Mama anauliza: ni yupi kati yao mwenye haki?

Swali ni la gari, lakini ndani yake mna mali ya nyumba, mna amana ya fundi, na mna roho za watoto wanaokaa kiti cha nyuma. Kwa hivyo lastahiki jawabu.

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kubalansi ni kutia vipande vidogo vya uzito kwenye rimu ili gurudumu lizunguke bila kutetemeka. Kila tairi linapovishwa upya lahitaji jambo hili, kwa kuwa uzito wa tairi haulingani barabara pande zote. Alaimenti ni kazi nyingine. Hiyo ni kupima na kurekebisha pembe ambazo magurudumu yamekaa, ili yaelekee mbele na kusimama kama mtengenezaji alivyokusudia. Pembe hizo hushikwa na vyuma vilivyo chini ya gari, vya usukani na vya springi; hazishikwi na mpira wa tairi. Kubadilisha tairi peke yake hakuzigusi, kama vile kuvaa kiatu kipya kusivyonyoosha mguu uliopinda.

Basi fundi akisema kwamba upya wa tairi wenyewe ndio unaolazimisha alaimenti, hajasema kweli. Lakini na shemeji asifurahi mapema, kwani mguu uliopinda utakila kiatu kipya kama ulivyokila cha zamani.

Nani atatoa ushahidi? Ni tairi kuukuu. Mama asikubali litupwe kabla ya kulitazama. Likiwa limelika ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, hiyo ni dalili ya magurudumu yaliyokengeuka. Likilika kingo zote mbili na katikati pamesalia, kwa kawaida lilikuwa likiendeshwa na upepo mchache. Likilika katikati pekee, upepo ulizidi. Likilika sawasawa uso mzima, na gari halivuti upande, na usukani hukaa sawa gari linapokwenda moja kwa moja, basi hapana dalili ya kulazimisha gharama ile.

Dalili ikiwapo, kupuuza ni hasara. Hesabu yake si ngumu. Gurudumu lililokengeuka kwa nusu digrii tu hukokotwa ubavu takriban mita 9 katika kila kilomita. Kutoka Mombasa hadi Nakuru, safari ya kilomita 640 hivi, mpira ule umesuguliwa ubavu zaidi ya kilomita 5. Ndiyo maana tairi la kudumu miaka huisha kabla ya wakati wake, na fedha za karo zikarudi tena dukani kununua mpira.

Mkaazi wa Nakuru ana sababu zaidi ya kuwa mwangalifu. Barabara ya kupitia Naivasha na Gilgil hubeba malori mazito yaendayo Uganda na kwingineko, na shimo moja au tuta lililorukwa kwa kasi laweza kukengeusha gurudumu. Na kutoka Mau Summit kuteremka Sachangwan hadi Salgaa ni mteremko mrefu usiosamehe gari lenye kasoro. Alfajiri ya tarehe 31 Disemba 2017, watu 36 walifariki hapo Migaa basi lilipogongana na lori. Hatusemi kwamba msiba ule ulitokana na matairi. Tunakumbusha tu kwamba njia ile yataka gari linalotii mkono wa dereva.

Mambo mawili yazingatiwe gerejini. Vyuma vilivyolegea vitengenezwe kwanza, kwani kunyoosha juu ya chuma kilicholegea ni kutwanga maji kinuni. Na mashine nyingi za siku hizi hutoa karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Mama aiombe karatasi hiyo bila haya. Katika fiqhi ya ijara, kazi hujulikana na ujira hujulikana. Anayelipa ana haki ya kujua amelipia nini. Vipimo vikionyesha kwamba magurudumu yalikuwa sawa, na alipie kupima tu, kwa kadiri walivyopatana.

Enyi mafundi wetu, Surat Al-Mutaffifin haiwahusu wauza nafaka peke yao. Anayemtoza mwanamke kazi isiyohitajika kwa kuwa hajui gari, amepunja kipimo. Na anayemwona tairi limelika upande mmoja akanyamaza, amekhini amana.

Nanyi akina baba na mashemeji, msiite israfu kila kitu kinachotoka mfukoni. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Mola wake. Dua ya safari haiondoi wajibu wa kukagua chombo.

Basi jawabu letu kwa mama huyu ni hili: kubalansi ndiyo, kila tairi jipya linapovishwa. Alaimenti si lazima kwa ajili ya upya wa tairi. Huwa ni lazima dalili zikionekana, au vyuma vya usukani na springi vikibadilishwa, na kupima baada ya kugonga shimo kubwa ni busara. Aliyelipa kwa dalili hakufanya israfu, na aliyetozwa bila dalili wala vipimo ana haki ya kudai maelezo kwa upole.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, wa bara na wa pwani, na azitie baraka mali za nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.