Tusiufungulie Moto Mlango

Pafukapo moshi pana moto, walisema wazee wetu, na walisema kweli. Lakini elimu ya zimamoto ya miaka hii imeongeza neno moja ambalo kila mwananchi wa visiwa hivi anapaswa kulijua: moshi wenyewe nao ni kuni.

Nyumba ikishika moto, majirani hukimbilia kuvunja madirisha na kufungua milango ili moshi utoke. Nia yao ni njema na ujasiri wao ni wa kusifiwa. Hata hivyo, mara nyingi kitendo hicho ndicho kinachoigeuza nyumba iliyokuwa ikiungua chumba kimoja ikaungua yote.

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto na hewa. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, takriban 21 ni oksijeni. Katika chumba kilichofungwa moto huila oksijeni hiyo, na inapopungua kufikia sehemu kama 15, ndimi zake hunywea. Mtu akiutazama kwa nje hudhani unakufa. Kumbe joto lingali linayapika magodoro ya sponji, mapazia na vyombo vya plastiki, na moshi mzito unaotoka humo umejaa kaboni monoksaidi na gesi nyingine zinazowaka. Mlango ukifunguliwa, hewa mpya huingia kwa chini na moshi hutoka kwa juu. Moto hurudishiwa pumzi, na chumba kizima huweza kulipuka kwa mara moja.

Mfano wa kusikitisha ni ule wa mtaa wa Watts, mjini New York, tarehe 28 Machi 1994. Mfuko wa plastiki uliachwa juu ya jiko, ukashika moto ndani ya nyumba iliyozibwa vizuri isipitishe hewa. Askari wa zimamoto walipoufungua mlango, hewa ilivutwa ndani, kisha ndimi za moto zikatoka na kupanda ngazini kwa muda wa dakika zipatazo sita na nusu. Askari watatu waliokuwa ngazini juu walipoteza maisha. Hawakuwa wazembe wala wageni wa kazi. Walifanya kama walivyofundishwa.

Tusije tukafahamika kuwa tunasema kutoa moshi ni kosa. Kutoboa paa na kufungua madirisha ni silaha ya zamani ya zimamoto, na ingali silaha. Humpunguzia joto askari anayeingia na humpa pumzi aliyekwama. Kilichobadilika ni vyombo vya nyumbani mwetu. Katika jaribio lililofanywa Marekani mwaka 2009, chumba chenye samani za kisasa kiliwaka chote kwa dakika 3 na sekunde 40, na chumba chenye samani za zamani za mbao na pamba kilichukua zaidi ya dakika 29. Majaribio ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba baada ya mlango kufunguliwa, askari ana takriban sekunde 100 tu katika nyumba isiyo na ghorofa, na kama 200 katika nyumba ya ghorofa moja, kabla moto haujafura. Asiyekuwa na maji mkononi katika muda huo amejifungulia mlango wa hatari.

Mwaka 2012, Idara ya Zimamoto ya New York pamoja na wataalamu walichoma nyumba kuukuu katika kisiwa cha Governors ili kuyapima mambo haya. Mafunzo yaliyopatikana ni mepesi kuyaeleza: udhibiti mlango, peleka maji haraka kwenye kiini cha moto hata ikibidi kupitia dirishani kwa nje, kisha toa moshi karibu na moto ulipo, kwa amri ya kiongozi mmoja. Feni kubwa za kusukuma moshi nazo hutaka tundu la kutokea. Zikiwashwa ovyo husukuma moto kuelekea walipo watu.

Je, mafunzo haya yanatuhusu? Yanatuhusu sana. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una kuta nene za mawe na chokaa, lakini boriti, ngazi na milango yake ni miti. Nyumba nyingi zina ua katikati, ambao wakati wa moto hugeuka dohani. Vichochoro ni vyembamba, na mpira wa maji huchukua muda kuvutwa. Ongeza juu ya hayo upepo wa kaskazi au wa kusi: mlango ukifunguliwa upande unakotoka upepo na dirisha la juu likivunjwa upande wa pili, moto hupewa njia kutoka chini hadi darini.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wahusika watazame mambo matatu. Kwanza, mafunzo ya askari wetu yaweke maji na utoaji wa moshi chini ya amri moja, na mazoezi yafanyike katika nyumba za aina yetu. Pili, kila mtaa wenye vichochoro ujulikane mapema: maji yapo wapi, na mpira utapitia wapi. Tatu, elimu hii ifikishwe shuleni, madrasani na katika mabaraza ya shehia.

Na sisi wananchi tuna wajibu wetu. Ukikimbia moto, funga mlango nyuma yako. Ukilala, funga mlango wa chumba. Katika majaribio, chumba kilichofungwa kimebaki chini ya nyuzi 40 za Selsiasi, na kilicho wazi katika nyumba hiyo hiyo kikapita 500. Ukishindwa kutoka, jifungie, ziba chini ya mlango kwa nguo na ujionyeshe dirishani. Nondo za madirisha ziwe na sehemu inayofunguka kwa ndani.

Atauliza mtu: je, ndugu yangu amekwama ndani, nisimfungulie? Swali hilo ni zito, nasi hatulikwepi. Uhai wa mtu ni wa kwanza. Penye njia ya salama ya kumtoa, atolewe, na mlango ufungwe mara tu baada ya kupita. Pasipo njia hiyo, jambo la kumsaidia zaidi ni kuwaeleza askari chumba alichomo, na kuyaacha madirisha yalivyo mpaka maji yafike.

Haraka haraka haina baraka. Askari anayesimama mlangoni akisubiri maji hana woga. Anahesabu sekunde kwa faida ya waliomo ndani. Tumpishe, tumsaidie kuvuta mpira, na tusiutangulie mkono wake kwa kuufungulia moto mlango.