MAFUNDISHO YA NYUMBANI: MIKATE YA WAGIBEONI

Mwezi huu nataka tutazame jinsi mtu mwenye akili, naye amcha Mungu, awezavyo kudanganywa. Maana wengi hudhani ya kuwa wadanganywao ni wajinga tu.

Fungueni Kitabu cha Yoshua, sura ya 9. Watu wa Gibeoni waliwaogopa Waisraeli, wakatwaa magunia makuukuu, na viriba vilivyoraruka na kushonwa, na viatu vyenye viraka, na mikate iliyokauka na kuota ukungu. Wakafika kambini Gilgali, wakanena ya kuwa wametoka nchi ya mbali. Waisraeli hawakusadiki upesi: waliuliza, wakatazama, wakatwaa hata katika vyakula vyao. Walakini shauri la Mungu hawakulitafuta, nao wakawaapia amani. Baada ya siku 3 wakasikia ya kuwa wageni wale ni jirani zao.

Angalieni, ndugu zangu. Mikate ile ilikuwa mikavu kweli. Kosa la wazee lilikuwa hili, kwamba walichunguza kile tu walicholetewa na mdanganyifu mwenyewe.

Jambo hili halikuisha zamani za Yoshua. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilikisimamisha chama kilichoitwa DECI. Watu walitoa fedha iliyoitwa mbegu, wakaahidiwa mavuno makubwa kuliko walichopanda. Wachungaji walikuwamo katika viongozi wake, na maneno yake yalikuwa maneno ya kanisani. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi hao. Je, watu waliingiaje? Walimwona jirani aliyepanda, naye akavuna. Jirani yule hakusema uongo. Fedha aliipokea kweli kweli. Yeye ndiye mkate mkavu. Swali lililosahauliwa ni hili: fedha hiyo imetoka shamba gani?

Fanyeni hesabu pamoja na watoto wenu. Ikiwa hakuna kazi wala biashara, na kila mtu ameahidiwa mara mbili ya alichotoa, basi kumlipa mtu mmoja kwahitaji fedha ya watu wawili wapya. Watu 100 watalipwa na 200, nao 200 watalipwa na 400. Katika hatua ya 10 watahitajika watu 102,400. Hata wakipatikana, hao nao wangoja kulipwa. Hivyo waliotangulia wala fedha ya waliofuata, na wa mwisho hubaki na mikono mitupu. Nao mara nyingi ni maskini, waliouza mbuzi au kutoa karo ya mtoto.

Kwa hiyo, atakapokujia mtu na faida ya ajabu, usitosheke na ushuhuda anaokuletea. Uliza asichokuonyesha. Akikuhimiza kwamba leo ndiyo siku ya mwisho, mwambie utangoja siku 3. Kama Waisraeli wangalingoja siku hizo, wangalijua kweli pasipo kuapa. Katika siku hizo ongea na mwenzi wako wa ndoa, kisha ombeni pamoja. Shauri ambalo mtu akuonya usimwambie mkeo au mumeo, tayari limejihukumu. Kadhalika ukipata ujumbe katika simu, ukikuambia utume ile fedha kwa namba hii, usitume kwanza. Mpigie ndugu yako kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usikie sauti yake.

Nanyi walimu wenzangu, tujihadhari zaidi. Mdanganyifu hataki fedha yetu tu, bali ataka jina letu. Akimpata mwalimu mmoja, amepata mlango wa nyumba zote za mtaa, maana watu husema, “Mwalimu naye yumo.” Kikulacho ki nguoni mwako. Basi jambo ambalo hatukulichunguza, tusilisifu mbele ya watu, wala tusikubali litangazwe baada ya ibada.

Neno la mwisho ni juu ya aibu. Yule aliyekwisha kudanganywa huficha, naye kwa kuficha kwake jirani wa pili hunaswa katika mtego ule ule. Yoshua hakulificha jambo. Mkutano ulipowanung'unikia wakuu, wakuu walisimama mbele ya watu wote na kujibu, wala hawakukivunja kiapo chao. Basi mwenzetu akija kutuambia kwamba amepotelewa, tusimcheke. Tumsikilize, tumsindikize polisi ikihitajika, tumshukuru kwa kutuonya. Nyumba ambamo mtu aweza kusema, “Nimedanganywa,” pasipo kuogopa kudhihakiwa, ni nyumba ngumu kwa mdanganyifu kuingia mara ya pili.

Someni sura hiyo yote jioni, baba, mama na watoto pamoja. Mungu atupe macho ya kuona, na subira ya kuuliza.