Spana si Mali ya Mwingereza

Kuna kauli iliyorudiwa mara nyingi hata watu wameacha kuipima: kwamba Kiswahili ni lugha ya salamu, mashairi na siasa, lakini kikifika kwenye chuma kinaishiwa. Ushahidi unaotolewa ni gereji. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, uwasikilize mafundi: spana, nati, bolti, gia, klachi, breki, beringi, pistoni. Hicho chote, tunaambiwa, ni Kiingereza kilichotafunwa. Lugha isiyo hata na neno lake la chuma cha kufungulia nati itafundishaje uhandisi?

Nimeisikia kauli hiyo kwa wazazi, kwa walimu na kwa waheshimiwa. Inayouma zaidi ni ile ya mafundi wenyewe, watu wanaoshusha injini asubuhi na kuirudisha jioni ikiunguruma vizuri, kisha wanaomba radhi kwamba hawaijui "lugha ya ufundi". Wanaijua. Wameizungumza mchana kutwa. Wamedanganywa tu kwamba si yao, na uongo huo umeachwa ukakaa shuleni na wizarani kana kwamba ni elimu.

Tuanze na hiyo spana. Mwingereza hakulizaa neno hilo. Alilichukua kwa Mjerumani katika karne ya 17, na wakati huo halikuhusu nati wala bolti. Zilikuwapo bunduki zenye gurudumu dogo la chuma lililofungwa kwenye springi. Askari aliikaza springi kwa ufunguo maalumu. Alipovuta kifyatulio gurudumu lilizunguka kwa kasi, likasugua jiwe, cheche zikaruka na baruti ikawaka. Ufunguo ule ndio ulioitwa *Spanner*, kutokana na kitenzi cha Kijerumani *spannen*, yaani kuvuta kitu mpaka kikakaza. Bunduki hizo zilipopitwa na wakati, Waingereza walilihamishia neno kwenye chuma cha kufungulia nati. Wamarekani, wanaosema Kiingereza hichohicho, kwa kawaida hawaiiti hivyo. Wao husema *wrench*, na katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya hila, ujanja.

Sasa chukua ile spana yenye mdomo unaopanuka na kubana, ile inayokubali nati ya kila kipimo. Mafundi wetu wanaiita spana malaya, na wasiopenda jina hilo wanalielewa hata hivyo. Mfaransa anaiita ufunguo wa Kiingereza. Mwitaliano na Mhispania nao wanaiita hivyohivyo. Ukivuka kwenda Poland na Urusi inakuwa ufunguo wa Kifaransa, na Mwirani naye anaitaja kwa jina la Ufaransa. Denmark ni ufunguo wa Kiswidi, na huko Sweden kweli alikuwapo mtu aliyeiboresha sana, Johan Petter Johansson, aliyepata hataza yake mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mjerumani anazo aina mbili: moja anaiita "Mwingereza", nyingine "Mfaransa". Kila taifa linakitaja chombo hiki kwa jina la jirani, na hakuna hata moja lililofikia uamuzi kwamba, kwa kuwa jina limetoka nje, watoto wake wasisome mekanika kwa lugha yao.

Tazama pia neno limefanya nini baada ya kufika kwetu. Fundi anasema "nipe namba kumi na saba" na msaidizi anajua anatakiwa alete nini. Mtu akikosolewa vikali hadharani vijana wa mjini wanasema amepigwa spana. Neno likishaweza kutumika kwa mafumbo, likaeleweka na bibi ambaye hajawahi kushika nati, limekwisha kuwa mwenyeji. Vivyo hivyo injini "inamisi", injini "imenoki": Mwingereza angelitambuaje neno lake, likiwa limevishwa ngeli na njeo, likitenda kazi kwa sarufi ambayo yeye haijui?

Neno mashine ndilo linaloiumbua kauli hii kuliko yote. Asili yake ni Kigiriki, *mekhane*, na maana ya kwanza haikuwa chuma. Ilikuwa njia ya kujinasua, mbinu, hila ya mwenye akili. Baadaye ikawa zana za kubomolea kuta za mji uliozingirwa, na pia ile winchi iliyowainua waigizaji wa miungu juu ya jukwaa la Athens. Warumi waliliazima kutoka kwa Wagiriki wa kusini mwa Italia likawa *machina*. Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliitenga sehemu ya kumi ya kitabu chake kwa ajili ya vyombo hivyo. Wafaransa wakalipokea, wakalainisha sauti ya katikati, na Waingereza wakalichukua kutoka Ufaransa pamoja na ile "sh". Sisi tuliposema mashine, tuliipokea "sh" ya Paris kupitia London.

Neno hili lilifika na kwa wengine. Kwa Mwitaliano *macchina* leo ni gari, na Waamhara wakalichukua kwake, wakasema *mekina*, nalo ni gari. Mrusi akisema *mashina* katika mazungumzo ya kila siku ana maana ya gari vilevile. Mjapani akisema *mishin* hana maana nyingine ila cherehani. Na katika vijiji vya Tanzania, mama akimwambia mwanawe "peleka mahindi mashine", hakuna mtu anayeuliza mashine gani. Ni ya kusaga. Kila jamii ililipa neno hili chombo ambacho kwake kilikuwa muhimu kuliko vingine, na hapo ndipo neno lilipopata mwenyeji wake. Mgiriki hajadai arudishiwe.

Wala tusifikiri kwamba kabla ya mashine Kiswahili kilikuwa kitupu. Kilikuwa na mtambo. Kamusi za zamani zinalieleza neno hili kwa mtego unaofyatuka, na kwa sehemu ya bunduki inayofyatua risasi. Ndipo likapanuka hadi kubeba mitambo ya umeme, ya kuchapa na ya kurusha matangazo. Linganisha na *engine*. Hilo lilitoka kwenye Kilatini *ingenium*, kipaji cha kuzaliwa nacho, na katika Kiingereza cha zamani lilitumika kwa werevu, kwa zana za vita, na kwa mtego wa kunasia wanyama. Mtego! Watu wa pwani hii na watu wa kile kisiwa cha kaskazini, bila kuulizana, walimtazama mwenye kutega, wakaona kwamba chombo kinachofanya kazi mwenye nacho akiwa hayupo ni akili iliyowekwa ndani ya mti na kamba, wakatoka hapo kwenda kwenye mashine. Wazo ni hilohilo. Anayesema lugha moja ina ubongo wa ufundi na nyingine haina hajaitazama hata hiyo moja anayoisifu.

Na wale wanaoipenda lugha hii mpaka wanataka kuisafisha wanakosea kwa upande wa pili. Nao wanaamini kwamba neno lililotoka nje ni mgeni milele, kwa hiyo lifukuzwe, liundwe jingine. Sina ugomvi na maneno yaliyoundwa; yakitumika, karibu. Lakini wasafishaji wataanzia wapi? Parafujo na roda ni Kireno. Randa ya seremala ni Kiajemi. Usukani tulioutoa kwenye jahazi tukauweka kwenye lori ni Kiarabu, na gari lenyewe ni neno la Kihindi. Tukiyatoa hayo yote seremala na dereva watabaki mikono mitupu, nyundo ikiwa miongoni mwa machache yaliyosalia.

Hoja ninayoitegemea zaidi ni Japani. Magari mengi yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa yametumika kwanza huko; yanafika na maandishi ya Kijapani kwenye redio, na vitabu vya maelekezo ambavyo fundi wetu hawezi kusoma hata ukurasa mmoja. Anayatengeneza hivyohivyo. Basi wale waliolitengeneza gari hilo, kule mkoa wa Aichi yaliko makao ya Toyota, wanaitaje sehemu zake? Injini ni *enjin*. Breki ni *bureki*. Tairi ni *taiya*. Klachi ni *kuratchi*. Na chuma cha kufungulia nati ni *supana*. Ndiyo, *supana*: neno lilelile, limeazimwa kwa Mwingereza kama tulivyoliazima sisi, ila limeongezewa irabu kati ya "s" na "p", kwa sababu Kijapani hakipendi konsonanti mbili zifuatane hivyo. Mwanafunzi wa huko anasoma fizikia kwa Kijapani tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu. Hakuna aliyemwambia kwamba, kwa kuwa *bureki* si neno la mababu zake, aache lugha yake mlangoni mwa karakana. Tunaliendesha gari hilo kila siku, halafu tunaendelea kusema kwamba lugha yenye maneno ya kuazima haiwezi kubeba uhandisi.

Nani analipa gharama ya imani hii? Mtoto wa kidato cha kwanza. Katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania amesoma mashine rahisi kwa Kiswahili: wenzo, roda, mteremko. Amefundishwa kwamba wenzo una egemeo, mzigo na jitihada. Egemeo linatokana na kuegemea; mtoto hahitaji kuelezwa mara mbili. Akivuka kwenda sekondari egemeo linafutwa, anapewa *fulcrum*, neno la Kilatini ambalo hata mtoto wa Kiingereza analikariri bila kuona ndani yake kitu chochote cha kuegemea. Alichokuwa anakielewa kinageuzwa kitu cha kukariri, na akishindwa kukikariri tunasema sayansi imemshinda.

Wakati huohuo kaka yake yuko gereji. Nati ya gurudumu imeganda kwa kutu. Anaisukuma spana, haitoki. Anachukua kipande cha bomba, anakivisha kwenye mkono wa spana ili urefuke, anaegemea ncha ya bomba, nati inalia na kulegea. Amefanya hesabu ya kani mara umbali kwa mikono yake. Mlete kwenye karatasi ya fizikia ya kidato cha nne, iliyoandikwa Kiingereza kuanzia mstari wa kwanza, umuulize kuhusu *moment of a force*. Atakosa. Mtahini ataandika sifuri mbele ya jina la mtu anayeijua kanuni hiyo kuliko wengi watakaopata alama zote, na sifuri hiyo itamfuata mpaka kwenye ajira.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia kidato cha kwanza, Januari 1985, kisha kiendelee hadi chuo kikuu. Serikali ikakataa. Wataalamu hawakukaa kimya: mwaka 1987 Rajmund Ohly, mwanaisimu kutoka Poland, alichapisha Dar es Salaam kamusi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Sera ya elimu ya 2014 ilirudi kwenye ahadi ileile ya Kiswahili katika ngazi zote. Kila mara utekelezaji ulipotajwa, jibu lilikuwa kwamba maneno hayatoshi. Maneno yamekuwa yakitosha gereji muda wote huo.

Simkatazi mtu kujifunza Kiingereza. Kifundishwe, tena na mwalimu anayekijua, kama somo, kwa bidii kuliko sasa. Mhandisi atakihitaji atakapoagiza vipuri au kusoma jarida la Uingereza. Ninachokipinga ni kukifanya geti la kuingilia kwenye maarifa ambayo mtoto tayari anayo kwa lugha yake, kwa kisingizio cha asili ya maneno ambayo hata Mwingereza aliyaokota njiani.

Kwa hiyo ninaliomba jambo moja ambalo halihitaji tume mpya. Karatasi ya fizikia ya kidato cha nne itolewe kwa lugha zote mbili, na mtahiniwa ajibu kwa ile anayoimudu. Kamusi zipo, walimu wanaoeleza kwa Kiswahili wakati mkaguzi hayupo wapo, na spana imo katika Kiswahili tangu zamani. Waliotakiwa kuketi kidato cha kwanza cha Kiswahili mwaka 1985 sasa wamevuka miaka hamsini, na wengine wao ndio wenye gereji ambamo wajukuu wa taifa hili wanajifunzia mekanika bila cheti.