Wazee wa Stones Wapimwe kwa Masikio

Tangu tuanze kubishana hosteli kuhusu Hackney Diamonds nimesikia hukumu za kila aina, isipokuwa hukumu ya muziki wenyewe. Upande mmoja unasema wazee hawa wapumzike, wameshatushibisha. Upande wa pili unajibu: jamani, mtu ana miaka zaidi ya 80 na bado anaimba, mnataka nini tena? Ukiwasikiliza vizuri, pande zote mbili zinasoma cheti cha kuzaliwa cha Mick Jagger. Albamu haijaguswa.

Na hao wanaosifu ndio wanaoniudhi zaidi. Ukimsifu mwanamuziki kwa sababu tu bado anasimama, hiyo ni huruma, na huruma si heshima.

Kwa wasiofuatilia: Rolling Stones walianza London mwaka 1962. Albamu hii ilitoka Oktoba 2023, ya kwanza ya tungo zao wenyewe tangu A Bigger Bang ya 2005. Katikati walitoa albamu ya blues za watu wengine, mwaka 2016, na Agosti 2021 mpiga dramu wao Charlie Watts akafariki. Hackney ni eneo la mashariki mwa London, na "almasi" zake, kwa lugha ya mtaani kule, ni vipande vya kioo vinavyobaki chini mwizi akishavunja dirisha.

Sasa muziki. Lalamiko ninalolikubali ni la usafi. Prodyuza Andrew Watt, kijana aliyezaliwa bendi ikiwa na miaka 28, amepiga pasi kila kitu. Sikiliza "Angry": kila gita limekaa kwenye mstari wake kama wanafunzi paredi. Utamu wa Keith Richards na Ron Wood siku zote umekuwa kupishana, huyu anaingia, yule anatoka, mpaka hujui nani kapiga nini. Aliyekulia nyumba ya Msondo au Sikinde halihitaji somo hili. Anajua gita la solo na la rithimu yanavyosemezana. Hapa yanasemezana kwa zamu, kwa adabu mno.

Lakini wanaosema albamu nzima ni plastiki, nadhani waliishia wimbo wa tatu. "Sweet Sounds of Heaven" inapita dakika saba, Stevie Wonder yuko kwenye kinanda, Lady Gaga anapandishana sauti na Jagger, na ukidhani umeisha unaanza tena. Kha! Hapo hakuna anayemwonea mzee huruma. Gaga mwenyewe anamkimbiza na hampati.

Halafu kuna nyimbo mbili zenye dramu za marehemu Watts, "Mess It Up" na "Live by the Sword". Kwenye hii ya pili amerudi hata Bill Wyman, mpiga besi wa zamani. Nyingine amepiga Steve Jordan, fundi kwelikweli, ila mkono wake ni mzito. Watts alikuwa anachelewa kidogo, kanukta tu, na hako kanukta ndiko kalikofanya watu wacheze. Linganisheni wenyewe, msiniamini mimi.

Najua ilipewa Grammy ya albamu bora ya rock mwaka 2025, na washikaji wameitumia kama rungu la kumalizia ubishi. Tuzo haisikilizi kwa niaba yako.

Mwenye bando dogo aanzie mwisho, "Rolling Stone Blues". Haufiki hata dakika tatu. Ni wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950, ule uliowapa jina, na wamebaki wawili tu: gita la Keith, sauti na kinanda cha mdomo cha Mick. Hakuna mgeni, hakuna pasi. Mimi ningewapa fedha ya boom nusu nzima warekodi albamu ya namna hiyo, mwanzo hadi mwisho.