Simba Wetu, Hakimiliki Yao

Jamani, hebu tuulizane. Vijana wa Naivasha wakichukua simu, waende Hell's Gate, waigize hadithi ya Simba na Mufasa kwa Kiswahili na kuiweka kwenye mtandao bure, je, ni wezi?

Kisheria wako hatarini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa utafiti, matumizi ya kibinafsi, uhakiki na kuripoti habari. Shabiki anayetunga filamu yake hatajwi.

Sasa tazama upande wa pili. Kabla ya The Lion King kutoka mwaka 1994, watengenezaji wake walikuja papa hapa kwetu, Hell's Gate, kuyasoma mandhari. Simba ni neno letu. Rafiki pia. Hakuna matata, maneno ambayo Them Mushrooms waliyaimba mwaka 1982, Disney waliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya nguo. Najua, alama ya biashara si hakimiliki. Lakini nani kati yetu aliulizwa? Mkuki kwa nguruwe mtamu!

Hata jina la Uhura wa Star Trek limetokana na uhuru. Mwaka 2015 Paramount na CBS waliwashtaki mashabiki waliokuwa wakitengeneza filamu iitwayo Axanar. Sawa, hao walichangisha zaidi ya dola milioni moja. Lakini masharti ya mwaka 2016 yalimwangukia kila shabiki: kipande kisizidi dakika 15, michango isizidi dola 50,000.

Sisi waandishi wa programu tunajua njia nyingine. Leseni ya GPL inakuruhusu kubadilisha kazi ya mwenzako na kuisambaza, mradi nawe uwaachie wengine ruhusa hiyo hiyo. Linux imekua hivyo, haijafa. Content ID ya YouTube, kwa upande wake, hulinganisha sauti na picha tu; haijui mapenzi wala mzaha.

Utasema wasanii wetu nao wanahitaji ulinzi. Naam! Anayerudufu filamu ya Riverwood na kuiuza ashtakiwe. Ninachodai ni kifungu kimoja kutoka Bungeni: filamu ya mashabiki isiyouzwa, inayotaja chanzo chake na kusema wazi kuwa si rasmi, iruhusiwe. Waliochota kwetu bila kuuliza hawatapungukiwa na kitu.