SHAURI LA NYUMBA: JE, MAGURUDUMU YOTE MANNE YAVUTA?

Mji wa Goma umekaa juu ya mawe yaliyotoka motoni. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hata ikaingia ziwani. Ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, lava ilikomea pembezoni mwa mji. Mpaka leo njia nyingi za mitaani ni mawe meusi yenye ncha kali. Si ajabu, basi, baba wa nyumba akipata fedha kidogo atamani motokari ambayo magurudumu yake yote manne huvuta: RAV4, Forester, Hilux au Land Cruiser.

Lakini tujue hali ya mambo. Nyingi za motokari hizo zilikwisha kutumika Japani kabla ya kupakiwa melini kwenda Mombasa au Dar es Salaam, na kutoka huko kuja kwetu kwa nchi kavu. Mnunuzi naye mara nyingi hununua kwa fedha za likelemba, au kwa bei ya ng'ombe na shamba. Akidanganyika, haumii peke yake; karo ya watoto huumia pamoja naye. Kwa hiyo shauri hili ni la nyumba nzima.

Neno letu la leo ni moja: motokari ya namna hii huweza kuwa mbovu katika kitu kile kile unachoinunulia. Rangi yaweza kung'aa, viti vikawa safi, na huku magurudumu ya nyuma hayavuti hata kidogo. Hapo utakuwa umenunua gari zito, lenye kunywa petroli nyingi kuliko gari la kawaida, wala halikupandishi mlima ulioutarajia.

Kwanza, uhakikishe kwamba motokari ni ya namna hiyo kweli. RAV4 za miaka ya 2000 hadi 2005 hufanana kwa nje kama mapacha. Lakini ile ambayo namba yake ya shasi yaanza kwa ZCA26 huvuta kwa magurudumu ya mbele tu, na ile ya ACA21 huvuta kwa yote manne. Maandishi yaliyobandikwa mlangoni si ushahidi, kwa maana yeyote aweza kuyabandika. Soma namba ya shasi.

Pili, lala chini utazame. Usione haya kuchafua nguo. Utafute ule mhimili mrefu wa chuma uzungukao, utokao kwenye gia boksi kwenda kwenye difu ya nyuma. Mafundi huuita propela. Wako wauzaji ambao, kiungo cha kugawa nguvu kikiharibika, huondoa propela ili gari litembee bila kelele, nao hukaa kimya. Ukikuta nafasi tupu, au mashimo ya bolti yasiyo na bolti, umekwisha kupata jibu lako. Ukiwa huko chini, tazama pia kutu. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huifanya mvua yetu kuwa na asidi, nayo hula bati za nyumba. Chuma cha gari hakisalimiki. Angalia kama shasi imepigwa na mawe au imeungwa kwa moto.

Tatu, tazama matairi yote manne. Yawe ya kipimo kimoja, na yawe yamelika kwa kadiri moja. Watu wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la urembo, sivyo. Tairi iliyolika ina mzingo mdogo, nayo yapaswa kuzunguka mara nyingi zaidi ili kuenda mwendo ule ule. Tofauti hiyo hubebwa na kiungo kilicho kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Hakipumziki kamwe, hupata joto, na mwisho hufa. Wenye kutengeneza Subaru hutaka mizingo ya matairi isitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukikuta matairi mawili mapya na mawili makuukuu, uliza yameendeshwa hivyo muda gani.

Nne, zungusha gari. Jaribio hili halina gharama, nalo hufichua mengi. Tafuta mahali pa lami kavu, kwa sababu juu ya changarawe magurudumu huteleza na kuficha ubovu. Pindua usukani mpaka mwisho, uende polepole sana ukizunguka duara, kushoto kisha kulia. Gari zima huzunguka kwa ulaini. Likijivuta kana kwamba mtu amekanyaga breki, au likirukaruka, kile kiungo cha kati kimeganda. Ukisikia mlio wa ta-ta-ta kwenye gurudumu la mbele, viungo vya ekseli vimelika. Lakini angalia: Hilux, na Land Cruiser za kazi ambazo dereva mwenyewe huunga magurudumu ya mbele kwa mkono, zijaribiwe duara zikiwa zimefunguliwa. Zikiungwa juu ya lami hujivuta hata zikiwa nzima. Hizo ziunge ukiwa kwenye mteremko wa changarawe, uone kama magurudumu ya mbele yavuta kweli. Taa ndogo ikiwaka mbele ya dereva haitoshi.

Tano, omba difu ya nyuma ifunguliwe bolti yake ya kujazia, fundi atie kidole. Oili iliyo nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Oili yenye kumetameta ina unga wa chuma, yaani meno ya ndani yanasagika.

Kuhusu injini, uifikie ingali baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika huenda ana neno la kuficha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli ya kupita kiasi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani. Forester nyingi husumbuliwa na gasketi ya kichwa: tazama oili inayovuja ubavuni mwa injini, na mapovu katika chupa ya maji ya rejeta. Chupa hiyo itazame kwa nje tu, wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa na moto, usije ukaungua. Kisha panda nalo njia ya Kibati. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini iliyochoka itajitangaza yenyewe mlimani.

Usukani nao una jambo. Kongo twapita kulia, na gari la Japani lina usukani kulia. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoe gari zima njiani. Kama usukani umehamishwa kushoto, fundi wako achunguze kila kiungio kabla hujaenda nalo mbio. Kiungio kikiachia mwendoni, hakuna wa kukuonya.

Mwisho ni karatasi. Namba iliyopigwa kwenye shasi ifanane na ile ya karatasi za forodha na ya karte rozi. Hati ya kutoka Japani mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa huko. Kama ni nyingi kuliko zile uzionazo mbele ya usukani, saa imerudishwa nyuma. Pia kanyagio lililolika mpaka chuma halipatani na kilomita 60,000.

Haya yote huchukua asubuhi moja na ujira wa fundi mmoja. Fundi huyo awe wako, asiwe wa muuzaji wala wa komisioneri, ambaye hulipwa gari likinunuliwa. Akikuhimiza kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani na fedha mkononi, mwache huyo mwingine anunue. Magari mengine yatakuja. Fedha ya likelemba haiji mara mbili kwa mwaka mmoja. Nawe uliye muuzaji, sema wazi kilicho kibovu na upunguze bei, kwani abiria wa gari hilo huenda wakawa watoto wa jirani yako. Haraka haraka haina baraka.