Kuanguka kutoka ghorofani si ajali isiyo na kinga

WAHENGA walisema ajali haina kinga. Kila mara kibarua anapoanguka kutoka kwa jumba linalojengwa, msemo huu hutolewa haraka na wale wanaofaa kujibu maswali. Mchango wa mazishi huitishwa, na kabla ya juma kuisha kijana mwingine huwa ameshika karai la marehemu.

Sikubaliani na matumizi hayo ya maneno ya wahenga. Kuanguka kutoka juu ni mojawapo ya hatari za kazini ambazo kinga yake inajulikana vyema, inauzwa madukani na imo katika sheria za nchi hii. Kinachokosekana ni mtu wa kuilipia.

Hebu tuanze na mwili wa binadamu. Mtu anayeanguka kutoka mita 10, yaani takriban orofa tatu, hufika chini kwa muda usiozidi sekunde moja na nusu. Wakati huo kasi yake huwa karibu kilomita 50 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya juu ambayo matatu inaruhusiwa kwenda mjini. Hakuna fuvu wala mfupa ulioumbwa kustahimili pigo kama hilo.

Asiyekufa huenda akavunjika uti wa mgongo. Neva zinazopita ndani ya uti zikikatika, hakuna daktari anayeweza kuziunganisha zikarudi zilivyokuwa. Miguu hupooza, mkojo na choo havizuiliki tena, na vidonda vya kulalia huanza kuchimba nyama. Mke hugeuka muuguzi na watoto huacha shule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, wakiwemo wazee na watoto majumbani. Wanaobaki na ulemavu ni wengi zaidi.

Kinga yenyewe ni ipi? Wengi wetu tumewaona mafundi waliojifunga kamba au mkanda kiunoni. Huo si mshipi wa kumwokoa anayeanguka. Mwili unaposimamishwa ghafla kwa kiuno, tumbo na uti wa mgongo hubeba pigo lote. Marekani iliacha kukubali mikanda ya kiunoni kwa kazi hiyo tangu Januari 1, 1998.

Mshipi unaofaa ni ule wa mwili mzima. Hupita mabegani, kifuani na mapajani, na pete yake huwa mgongoni katikati ya mabega. Kamba inayounganishwa na pete hiyo huwa na kifuko chenye utepe uliokunjwa na kushonwa. Mtu akianguka, nyuzi hufumuka na utepe hunyooka polepole, ndipo pigo likapungua.

Hata hivyo, kuvaa mshipi pekee hakutoshi. Wapo wanaouvaa vizuri kisha kulabu ikaning'inia bure, au wakaifunga kwenye mti wa jukwaa uliopigiliwa misumari miwili. Mahali pa kufungia panafaa kuwa imara kiasi cha kubeba uzito wa gari dogo bila kung'oka.

Pia kuna hesabu ambayo wasimamizi wengi huisahau. Jumlisha kamba ya karibu mita 2, utepe unaofunguka kwa takriban mita 1, kimo cha mtu kutoka mgongoni hadi miguuni, na nafasi kidogo ya tahadhari. Utapata zaidi ya mita 5 kutoka pale kulabu ilipofungwa. Kwa hivyo anayefanya kazi kwenye orofa ya kwanza anaweza kugonga ardhi kabla kamba haijamzuia. Huyo anahitaji kizuizi cha ukingoni, au kamba fupi isiyomfikisha ukingoni kamwe.

Tena anayening'inia bila kusogea anaweza kuzirai kwa dakika chache kwa sababu damu hukwama miguuni. Lazima pawe na njia ya kumteremsha mara moja. Na mshipi uliokwisha kumzuia mtu aliyeanguka, au uliochakaa kwa jua na saruji, utupwe.

Ndiyo maana wataalamu husema mshipi ni kinga ya mwisho. Kwanza ni mbao za kukanyagia zilizoshikana, vizuizi vya pembeni na kufunika mashimo ya ngazi na lifti. Baadaye ni wavu. Daraja la Golden Gate lilipokuwa likijengwa Marekani katika miaka ya 1930, wavu uliotandazwa chini yake uliokoa wanaume 19. Lakini Februari 17, 1937, jukwaa zito lilianguka na kupasua wavu huo, wakafa watu 10. Kinga huokoa inapolingana na mzigo wake.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga na kuvitunza. Aidha, inamruhusu mfanyakazi kuripoti hatari kubwa, na asilazimishwe kurudi hapo kabla haijaondolewa. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima, na anayelemaa kabisa hulipwa mshahara wa miezi 96.

Lakini kibarua wa siku moja ataripoti kwa nani? Anaajiriwa langoni asubuhi na kulipwa jioni. Akikataa kupanda, wapo wengine kumi nje wanaosubiri nafasi yake. Wanakandarasi hudai kuwa vijana wenyewe hawaipendi mishipi kwa kuwa inawachelewesha. Huenda ni kweli, hasa pale malipo yanapotegemea kazi iliyokamilika. Basi kosa ni la aliyepanga malipo hayo. Anayelipia haraka asishangae kuona kinga ikivuliwa.

Msomaji, suala hili linakuhusu pia. Wengi wanaojenga nyumba za kukodisha mitaani ni watu wa kawaida wenye mkopo wa benki au chama. Kabla ya kutia sahihi, uliza gharama ya vizuizi, mishipi na bima iko wapi katika hesabu za mwanakandarasi. Ikiwa haipo, jua kwamba bei hiyo nafuu imetolewa katika mgongo wa mtu.

Na ukimkuta aliyeanguka, usimkalishe wala kumrusha nyuma ya pikapu. Mshikilie kichwa na shingo visigeuke, mfunike apate joto, na muite ambulensi. Ikiwa ni lazima abebwe, alazwe juu ya ubao ulionyooka na ainuliwe na watu kadhaa kwa pamoja.

Wakaguzi wa serikali nao wasingoje mtu afe ndipo wafunge jengo. Wafike bila taarifa, waangalie juu, na wafuate kila kamba hadi pale ilipofungwa. Tukishayafanya hayo yote na bado mtu akaanguka, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kusema kwamba ajali haina kinga.